Kutoka Handaki la Chetambe hadi Kiti cha Bodaboda

Juu ya kilima cha Chetambe, karibu na mji wa Webuye, yangaliko mabaki ya ngome ya Wabukusu: handaki, na tuta la udongo uliotolewa humo. Mwaka 1895 jeshi lililoletwa na Waingereza, chini ya C. W. Hobley aliyekuwa na makao kwa Mumia, lilivunja kwanza ngome ya Lumboka, kisha likaja kuimaliza hii. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu bunduki na waliouawa, na wamefanya vyema. Lakini handaki lenyewe nalo ni hati ya kusomwa. Udongo wote ule ulikatwa kwa jembe, ukainuliwa kwa mikono na kupandishwa juu ya tuta na watu ambao siku za kawaida walilima wimbi na mtama, wakachunga ng'ombe, wakakata miti ya kujengea na kupandisha maji kutoka mtoni. Hakuna aliyewafundisha namna ya kuchuchumaa, kuinua, kubeba na kusukuma. Kazi ndiyo iliyokuwa mwalimu, nayo ilianza kufundisha tangu mtoto alipoweza kusimama.

Leo, katika miji ya Bungoma na Kitale, wapo wanaolipa ada ya jimu ili wafanye mambo hayo hayo: kuchuchumaa na kusimama wakiwa na uzito mabegani, kuinua kitu kutoka sakafuni, kutembea na mzigo katika kila mkono, kupanda kijukwaa na kushuka. Ni mazoezi ya kuuandaa mwili kwa shughuli za kila siku. Shabaha yake si kifua kipana wala mkono uliojaa. Ni mtu aweze kufanya kazi za maisha bila maumivu na bila kuanguka. Wengi huyaona kama mtindo wa mjini uliokuja na simu. Sikubaliani nao. Historia ya eneo hili, toka enzi za ngome hadi enzi za bodaboda, inaonyesha kwamba kazi nzito haijawahi kutuondokea. Kilichotuondokea ni wingi wa aina za mwendo. Kazi iligawanywa vipande, na kila mtu akabaki na kipande chake: mmoja akainama mwaka mzima, mwingine akabeba mwaka mzima, mwingine akaketi mwaka mzima. Mazoezi haya, yakieleweka sawasawa, ni njia ya kumrudishia kila mmoja vile vipande alivyonyang'anywa, tena kwa kiasi ambacho mwili wake unaweza kukimudu.

Tuanze na mwaka wa kilimo kabla ya reli. Kazi zilifuata majira, na kila msimu uliutaka mwili kwa namna yake. Kufyeka kulihitaji kiuno kinachozunguka na mabega yanayofika mbali. Kulima kulihitaji mgongo na nyonga. Mtama ulivunwa kwa kujinyoosha, wimbi kwa kuinama, na vyote viwili vikapurwa kwa fimbo iliyoinuliwa juu ya kichwa na kushushwa kwa nguvu. Mwanamke aliyesaga alipiga magoti mbele ya jiwe, akasukuma na kuvuta kwa mwili mzima, si kwa mikono pekee. Aliyejenga alikanyaga udongo, akapanda paa, akatulia huko kwa mizani ya miguu yake huku mikono ikifunga fito. Mapumziko pia yalikuwa na mazoezi ndani yake, kwa kuwa watu waliketi chini au kwenye vigoda vifupi, na kila kuinuka kutoka chini ni kazi ya goti, nyonga na kifundo cha mguu. Hata sherehe zilidai mwili ulio tayari. Katika tohara ya Wabukusu, ambayo hufanywa Agosti ya miaka ya shufwa, kijana huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika, kengele za chuma mikononi, akicheza na kukimbia kutoka boma hadi boma. Ngoma ya kamabeka nayo huyatikisa mabega kwa kasi na kwa muda mrefu kiasi kwamba asiyeyazoesha hawezi kuimaliza. Sisemi maisha hayo yalikuwa mema kuliko haya. Kulikuwa na njaa, homa na vifo vya watoto ambavyo hakuna mazoezi yangevizuia. Ninachosema ni kwamba mwili mmoja, katika mwaka mmoja, ulipitia karibu kila mwendo ambao kiungo cha binadamu kinaweza kuufanya.

Ushahidi wa kile ambacho mafunzo hayo yalizaa ulikuja kupimwa maabara baadaye sana. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo, wanaobeba kwa kichwa, na wanawake wa Kikikuyu, wanaobeba kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza siri yake: mwendo wa wabebaji hao uliokoa nguvu nyingi zaidi kutoka hatua moja hadi nyingine kadiri mzigo ulivyoongezeka, jambo ambalo watu wasiozoea hawakuliweza. Nakubali kwamba habari hii haikuishia hapo. Utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu wanawake Waxhosa wa Afrika Kusini haukuona unafuu huo kwa wote. Wengine walibeba kwa wepesi na wengine kwa taabu, na maumivu ya shingo yalikuwa ya kawaida. Nikiziweka tafiti hizo pamoja naona jambo moja. Wepesi wa kubeba si zawadi ya damu wala ya kabila. Ni ustadi, nao hupatikana kwa kuanza mapema, kwa mzigo mdogo, na kwa kuongeza taratibu. Msichana wa Bungoma hakuanza na mtungi mkubwa. Alianza na kibuyu kidogo juu ya ngata, akimfuata mama yake mtoni.

Sasa tuone ustadi huo ulipotekwa na wengine. Kabla ya Kitale kuwa mji, mahali pale palikuwa kituo cha misafara ya pwani iliyokuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, siku baada ya siku. Misafara ilipokwisha, dola ya kikoloni iliurithi mtindo huo na kuukuza. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hasa mwaka 1917, maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Kavirondo, kama Waingereza walivyouita upande huu wa nchi, walikusanywa kwa nguvu kuwa wachukuzi wa jeshi katika kampeni ya Tanganyika. Hao walikuwa wanaume waliozoea jembe na mwendo mrefu. Kama kazi nzito peke yake ingekuwa dawa ya mwili, wangerudi nyumbani wakiwa imara kuliko walivyoondoka. Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa Afrika Mashariki hawakurudi kabisa, na wengi waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea, na uchovu usiokuwa na mwisho. Watu hao wanatudai tuwakumbuke kila tunaposikia mtu akisema kwamba Mwafrika hahitaji mazoezi kwa sababu amezoea taabu. Mwili hujengwa na mzigo uliopimwa, ukafuatwa na chakula na usingizi. Mzigo usiopimwa huubomoa, hata uwe wa nani.

Vita vilipokwisha, mwaka 1919 serikali ya kikoloni iligawa ardhi kwa askari Wazungu waliostaafu, na Trans Nzoia ikawa mojawapo ya maeneo makuu ya mpango huo. Reli ya tawi ilifika Kitale mwaka 1926. Njia kuu ya kwenda Uganda ikapitia Webuye, Bungoma na Malaba. Mashamba ya walowezi yalihitaji mikono, na sheria ya 1918 ilikwisha kuweka kwamba Mwafrika anayeishi katika shamba la Mzungu afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mgawanyiko wa mwendo ulipoanza kwa dhati. Katika boma lake mtu alilima, akajenga, akachunga, akapumzika, akacheza. Katika shamba la mlowezi alipewa kazi moja na kipimo chake, naye akairudia mpaka jioni.

Upinzani dhidi ya kazi ya aina hiyo ulipata sauti kubwa kwa Elijah Masinde wa Kimilili. Kabla ya kujulikana kama kiongozi wa Dini ya Msambwa alijulikana kwa mpira, na aliichezea Kenya katika Kombe la Gossage dhidi ya Uganda. Mwaka 1944 ndipo alipogongana waziwazi na serikali kuhusu amri za kazi ya lazima, ikiwemo ile ya kung'oa magugu mashambani. Huyu hakuwa mtu mvivu. Alikuwa mwanaspoti aliyeupa mwili wake jasho kwa hiari uwanjani na kukataa kuutoa kwa kulazimishwa shambani. Watawala walimfunga, na mara moja wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mimi naona katika msimamo wake tofauti ambayo mjadala wetu wa leo unaisahau mara kwa mara: jasho la mtu anayeutawala mwili wake na jasho la mtu anayetumikishwa si kitu kimoja, ingawa ukiyapima kwa saa tu utaona yanalingana.

Katika enzi hiyohiyo ya ukoloni Ulaya ilikuwa inatafuta kile ambacho kilikuwa kinavunjwa huku. Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa aliyeshuhudia maafa ya mlipuko wa Mlima Pelée kisiwani Martinique mwaka 1902, aliwatazama watu wa Afrika na wa nchi nyingine alizopitia, akastaajabia miili yao iliyonyumbulika na yenye nguvu ingawa haikuwa na mwalimu wa mazoezi. Akaunda mfumo wake juu ya kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa, kupanda, kushika mizani, kurusha, kuinua, kujihami na kuogelea. Wanaofundisha leo mazoezi ya shughuli za kila siku, wajue au wasijue, ni wajukuu wa Hébert, naye alijifunza kwa kutazama watu waliofanana na wachimbaji wa Chetambe. Shule za kikoloni huku Kenya hazikuyafuata hayo. Zilifuata silabasi za Uingereza, hasa ile ya 1933, na drili ya mistari na amri. Mtoto aliyetembea maili kadhaa kufika shuleni alifundishwa kuinua mikono kwa kuhesabiwa, kisha akaketi dawatini siku nzima.

Uhuru ulileta mashamba, na mashamba yakaleta mahindi kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956 na yenye makao Kitale, ilisambaza mbegu chotara zilizotokana na utafiti uliofanywa papo hapo mjini, na mwaka 1964 aina ya 611 ikawafikia wakulima. Mavuno yalipanda. Mara nyingi tunasimulia habari hii kama ushindi wa sayansi, na ni ushindi kweli, lakini mazao hayo yalibebwa na migongo ya watu. Gunia la mahindi Kenya ni kilo 90. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linasema mzigo ambao mwanamume mzima anabeba mwenyewe usizidi kilo 55. Nenda Kitale au Moi's Bridge wakati wa mavuno uwaone vijana wanaopakia malori: gunia linatua mgongoni, miguu inapanda ubao, gunia linatupwa, na kijana anarudi kuchukua lingine. Ni kipande kimoja cha kazi ya zamani, kimetolewa katika mwaka wa kilimo na kurudiwa bila kikomo. Upande wa Bungoma mambo yalikwenda hivyohivyo kwa miwa. Kiwanda cha Nzoia kilipoanza kusaga mwaka 1978, kilizaa kundi la watu ambao kazi yao ni kuinama na kukata kwa panga kwa mkono uleule, mstari baada ya mstari. Mkata miwa ana mkono wa chuma. Ukimwambia ainue mikono yote miwili juu ya kichwa na kuchuchumaa hadi chini, huenda ukashangaa.

Katika miaka hiyo macho ya dunia yalielekea kwenye miguu ya watu wa Bonde la Ufa na Mlima Elgon kwa sababu nyingine. Ben Jipcho, mzaliwa wa upande wa Elgon, alipata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya 1972, akaweka rekodi ya dunia mwaka uliofuata. Fahari hiyo ni halali. Hata hivyo ilitujengea dhana kwamba mwili wa mtu wa huku ni mwili wa mwanariadha, na kwamba mazoezi ni kazi ya wenye kipaji wanaotafuta medali. Mama wa Kimilili na karani wa Kitale wakatoka katika hesabu.

Kisha ikaja bodaboda, na hapa ndipo mabadiliko yanapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Usafiri huo ulianza mpakani Busia kwa baiskeli katika miaka ya 1960, ukaenea hadi Bungoma na Kitale, na kwa miaka mingi kijana wa baiskeli ya Black Mamba alimbeba abiria na mizigo kwa nguvu za mapaja yake kupanda na kushuka vilima. Ilikuwa kazi ngumu sana. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, kufikia 2008, pikipiki zilifurika. Kijana yuleyule aliacha kupiga pedali akaketi. Anaamka alfajiri, anapanda pikipiki, anashuka usiku. Nyonga zimekunjwa pembe moja, mabega yamesogea mbele, mgongo unapokea kila shimo la barabara. Abiria wake, ambaye zamani angetembea nusu saa, naye ameketi. Mwaka 1953 Jerry Morris alichapisha London utafiti ambao unapaswa kujulikana katika kila stendi ya Kenya. Aliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao, watu wa tabaka moja na mshahara unaokaribiana. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi mamia ya mara kila siku, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Katika Bungoma ya leo tumemgeuza kondakta kuwa dereva kwa kizazi kimoja tu.

Nyumbani mageuzi yalikuja kwa upole zaidi. Kisiagi kilimwinua mwanamke kutoka kwenye jiwe la kusagia. Bomba na kisima vikafupisha njia ya maji, mtungi wa gesi ukafupisha njia ya kuni, kiti kirefu kikaondoa kigoda. Sitaki mtu anielewe vibaya: kila moja ya hizo ni neema, na atakayemtaka mwanamke arudi kwenye jiwe kwa ajili ya afya ya mabega yake hatendi haki. Lakini kila neema ilichukua mwendo na haikuacha kitu mahali pake. Hatukuwa na desturi ya kuziba pengo kwa sababu hatukuwahi kuwa na pengo.

Hapa mpinzani wa kwanza atasimama na takwimu, nazo ni za kweli. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ni takriban asilimia 6.5 tu ya Wakenya wazima ambao hawafikii kiwango cha mwendo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kama zaidi ya 9 kati ya 10 wanatosheka, kelele za nini? Jibu langu ni kwamba kipimo hicho huhesabu dakika za kutumia nguvu. Hakiulizi kama mtu anaweza kuinuka kutoka chini bila kushika kitu, kusimama kwa mguu mmoja, au kufikia rafu iliyo juu. Mpakia magunia na mkata miwa wanapita mtihani wa dakika kwa alama za juu, na bado migongo yao inawauma. Tena utafiti uleule ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, wanawake zaidi kuliko wanaume, na karibu mtu 1 kati ya 4 ana shinikizo la damu lililopanda. Mtu aweza kuwa na dakika nyingi za jasho na bado asiwe na mwili uliotimia.

Mpinzani wa pili ana hoja nzito zaidi, na ndiye ninayemheshimu. Atasema: mtu aliyelima tangu alfajiri amechoka, kumwambia afanye mazoezi jioni ni dhihaka ya mtu aliyeshiba. Ni kweli, ikiwa mazoezi maana yake ni kuongeza jasho juu ya jasho. Lakini mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, akiwatibu askari walioumia magoti, alionyesha kwamba msuli hurudi kwa uzito unaoongezwa hatua kwa hatua, kwa marudio machache yaliyohesabiwa. Hilo ndilo ambalo kazi haiwezi kulifanya. Shamba halikuulizi jana ulilala vipi. Lori halipunguzi gunia likawa kilo 40 kwa sababu wewe ni mgeni. Kwa mpakiaji, zoezi lifaalo si kuinua zaidi. Anahitaji kuvuta badala ya kubeba, kuzungusha kiuno bila mzigo, kulala chali na kuinuka polepole, na kujifunza kukunja nyonga badala ya mgongo pale anapoinama kuchukua gunia. Dakika 10 zinatosha, na anaweza kuzifanya kabla ya kazi, wakati nguvu bado zipo. Kwa mkulima ni kunyoosha kile ambacho jembe limekikunja. Hayo hayataondoa dhuluma ya gunia la kilo 90. Gunia hilo linapaswa kupunguzwa kwa sheria, na mazoezi yasitumike kamwe kama kisingizio cha kuliacha lilivyo.

Mpinzani wa tatu yuko ndani ya familia zetu, naye anaongozwa na upendo. Katika jamii zetu mtoto aliyefanikiwa humwondolea mzazi kazi: anamwajiri mtu wa shamba, anamnunulia mama gesi na kiti cha sofa, anamwambia baba asishike jembe tena. Heshima hiyo ni nzuri, ila mwili wa mzee haupumziki kwa kukaa, unasahau. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, waliwapa wazee wa umri wa karibu miaka 90, waliokuwa wakitunzwa katika makao, mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Uchambuzi mkubwa wa Cathie Sherrington na wenzake, uliotolewa 2019 ukiwa umekusanya majaribio 108, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa takriban asilimia 23, na yaliyofanya kazi vizuri yalikuwa hasa yale ya mizani na ya shughuli za kila siku: kuketi na kusimama, kupanda, kugeuka, kufikia kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Mama anayeanguka akielekea chooni usiku na kuvunjika nyonga hatasaidiwa na sofa. Mwachieni jembe dogo, mwachieni bustani ya sukuma na kunde, na pale ambapo kazi imekwisha kabisa, ketini mkabala naye mhesabu pamoja mara anazosimama.

Kuhusu hoja kwamba mazoezi haya yana gharama nitasema machache kwa kuwa ni dhaifu. Mtungi wa lita 20 ukijazwa maji ni kilo 20. Ukitiwa lita 5 ni kilo 5. Hakuna jimu yenye vyuma vinavyopimika kwa urahisi kuliko hivyo. Mwenye miguu dhaifu aanze kwa kusimama kutoka kwenye kiti akitumia mikono, kisha bila mikono, kisha kutoka kwenye kigoda. Mwenye bodaboda ashuke kila akisubiri abiria, anyooshe nyonga, ajining'inize kwenye tawi lenye nguvu, atembee mzunguko mmoja wa stendi. Anayebeba mitungi miwili, mmoja kila mkono, atembee hatua 20 huku mgongo ukiwa wima, na aongeze maji pale tu mzigo wa awali unapokuwa mwepesi. Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi anapoinua, na amwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Mhudumu huyo yuko karibu kuliko tunavyodhani. Septemba 2023 Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa vifaa vya kupima shinikizo la damu, sukari na uzito majumbani. Kuna kipimo kingine kilichobuniwa Marekani na Roberta Rikli na Jessie Jones, kikachapishwa 1999: mzee huketi, hukunja mikono kifuani, kisha huhesabiwa mara anazosimama wima katika sekunde 30. Hakihitaji umeme wala dawa. Kiti na saa ya simu vinatosha. Shule nazo zina fungu la mazoezi ya viungo katika mtaala wa umilisi ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, na walimu wanaweza kulijaza kubeba, kutambaa, kupanda na mizani badala ya kuliacha liwe kipindi cha kufidia hesabu. Kwa hiyo nawaomba mawaziri wa afya wa kaunti za Bungoma na Trans Nzoia waongeze kipimo cha kiti katika kazi ya wahudumu wao, na wawafundishe mazoezi machache ya kumwachia kila mzee atakayeonekana amepungukiwa. Wahudumu hao tayari wanaingia katika nyumba zetu, na viti tayari vimo ndani.